Mkono wa Kushoto wa Nanga

Kila Jumamosi, saa nane na nusu mchana, mpiga kinanda alifungua mlango wa nyuma wa ukumbi, akavuta waya mrefu wa umeme kutoka ukutani hadi jukwaani, akapitisha kitambaa chenye unyevu juu ya vibonye vyote sitini na kimoja. Kisha alikata kipande cha plasta nyeupe ya vidonda, akakibandika juu ya kibonye cha kumi na tisa. Plasta hiyo ilikuwa mpaka. Kushoto kwake palikuwa pa kodi, kulia palikuwa pa wimbo.

Kodi ndilo jina wanamuziki walilozipa noti tatu zinazobonyezwa kwa pamoja, ingawa hakuna mwenye nyumba anayekuja kuidai. Ukibonyeza kodi upande wa kushoto, kinanda chenyewe huleta ngoma, magitaa na besi, na vyote hukufuata unakokwenda kama watoto wa chekechea walioshikana nguo wakivuka barabara. Ukibadilisha kodi, navyo vinageuka. Kinanda kile kilikuwa na midundo mia mbili na arobaini ndani yake na hakikuwahi kuumwa tumbo, jambo ambalo Meneja wa ukumbi alipenda kulitaja mbele za watu.

Zamani jukwaa lilikuwa na wanamuziki sita. Zulia lilikuwa bado na alama zao: mashimo madogo matatu ya miguu ya ngoma kubwa, duara la mguu wa kipaza sauti, na karibu na spika ya pembeni sehemu iliyochakaa hadi nyuzi zikaonekana, ukubwa wa viatu viwili. Hapo ndipo Nanga aliposimama kwa miaka kumi na tisa akipiga gitaa la besi, kiti chake kikiwa tupu nyuma yake. Walimwita hivyo kwa sababu wenzake waliruka, walizunguka, walipiga magoti, yeye hakuondoka pale.

Nanga alikuwa kaka yake mpiga kinanda, tumbo moja. Ndiye aliyempeleka ukumbini mara ya kwanza, ndiye aliyemfundisha kusikiliza kutoka chini kwenda juu.

"Mdogo wangu, besi ni sakafu," alimwambia. "Hakuna mtu anayekuja dansini kusikiliza sakafu. Lakini iondoe, uone."

Meneja alinunua kinanda mwaka ambao paa la ukumbi lilianza kuvuja, na mpiga kinanda akapata kiti cha sita. Baada ya hapo aliwaaga wanamuziki mmoja mmoja, kwa upole, akimpa kila mmoja soda, na kila aliyeondoka kiti chake kilibebwa hadi stoo. Mpiga ngoma akaenda kuuza magodoro. Mpiga saksafoni akaenda kuishi kwa mwanawe. Wapiga magitaa wawili walifungua kibanda cha kutengeneza simu, wakagombana, wakakigawa kwa pazia. Nanga alibaki wa mwisho, kwa sababu wachezaji walilalamika kwamba besi ya mashine haina mwili.

Ndipo Meneja alipomfuata mpiga kinanda, akamwambia, "Mwombe kaka yako aje arekodi besi zake humo kwenye kinanda. Kwa dharura tu. Siku akiumwa."

Mpiga kinanda hakuwa mtoto, alielewa. Lakini alikuwa amesubiri miaka kumi na mmoja kupata kiti pale jukwaani, na viti vilikuwa vimebaki viwili. Alikwenda nyumbani akamwambia kaka yake kwamba Meneja anataka besi zake ziwekwe kwa kumbukumbu.

Nanga alikuja amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe. Alipiga midundo kumi na miwili. Mpiga kinanda, dada yake, alikuwa akibonyeza kitufe chekundu, na kila alipomaliza mdundo mmoja Nanga aliuliza, "Imeingia?" Naye akajibu, "Imeingia, kaka." Kinanda kilizihifadhi besi zile kwa jina lililobuniwa na kinanda chenyewe, MPYA 07, na mpiga kinanda aliliacha hivyo hivyo. Jumatatu iliyofuata Meneja alibeba kiti cha Nanga kwenda stoo kwa mikono yake mwenyewe.

Nanga alitundika gitaa lake kwenye msumari juu ya kabati la sebuleni na hakulishusha tena. Hakugombana na mtu. Miaka miwili baadaye, asubuhi moja, alikuwa anafunga kamba za kiatu cha kushoto moyo wake ukasimama. Cha kulia alikuwa ameshamaliza.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka mitatu. Kila Jumamosi dada yake alibonyeza kodi na besi ya Nanga ikatoka kwenye spika, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa vidole vikiteleza juu ya waya mnene, kati ya noti ya nne na ya tano. Wachezaji waliupenda mkwaruzo ule, wengi wao bila kujua kwamba walikuwa wanausikia.

Alhamisi moja mpiga kinanda aliamka na mkono wa kushoto wa kaka yake.

Ulianzia kwenye kifundo. Juu ya kifundo ulikuwa mkono wake wa siku zote, mwembamba, wenye alama ya chanjo karibu na bega. Chini yake kilikuwa kiganja kipana cha Nanga, chenye kovu la pasi alilolipata akiwa na miaka saba, na ncha za vidole zilizokuwa ngumu kama vifungo vya koti kwa sababu ya kubana nyuzi. Saa yake ya mkononi haikufunga tena. Aliihamishia mkono wa kulia, akaenda mezani ambako mama yake alikuwa anachambua mchele.

"Mama, nimeamka na mkono wa kaka."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena.

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Afadhali. Ule wa kulia alikuwa akifungulia nao chupa, uliharibika." Aliushika, akaugeuza upande huu na upande huu. "Ona kucha! Huko aliko hawana mkasi?"

Alimkalisha binti yake kwenye kiti, akazikata kucha zote tano, akaupaka mafuta, akavuta kidole kimoja kimoja hadi kikalia, kama alivyokuwa akimfanyia Nanga akiwa mdogo na hataki kwenda shule.

"Umekonda, baba," aliuambia mkono.

Fundi cherehani wa nyumba ya jirani aliingia kuleta gauni alilolipunguza kiuno. Alikuwa mchezaji wa kila Jumamosi, mama wa miaka sitini na mitatu aliyecheza peke yake tangu mumewe alipofariki, mikono yake ikiwa imeshika mabega ambayo hayapo. Aliutambua mkono akiwa bado mlangoni.

"Nanga! Za siku nyingi?"

Mkono ulinyanyua dole gumba.

"Si wanasema mkono usioweza kuukata, ubusu?" Aliubusu, akacheka, akakumbuka gauni. "Huyu lazima nimpanulie mshono wa mkono wa kushoto. Hautapita."

Tatizo moja tu lilijitokeza siku ile. Nanga alikuwa mtu wa kuandika kwa mkono wa kulia. Mpiga kinanda alimwekea penseli, na mkono ulichora kitu kama kamba iliyofumuka, ukaiweka penseli chini. Kama kaka yake alikuwa na lawama, hakuwa na njia ya kuitoa. Mpiga kinanda alijikuta amefarijika kwa hilo, kisha akaona aibu kwamba amefarijika, na alilala na mambo yote mawili.

Jumamosi alifungua mlango wa nyuma, akavuta waya, akafuta vibonye, akabandika plasta. Wachezaji walikuwa wamefika jozi nane, pamoja na fundi cherehani. Akauweka mkono wa kushoto mahali pa kodi.

Mkono ulibonyeza noti moja.

Nanga hakuwahi kupiga kodi maishani mwake. Kodi, alikuwa akisema, ni mambo ya watu wa gitaa, watu wasioweza kuamua. Yeye aliamua noti moja, akasimama nayo. Kinanda kilizoea kupewa tatu. Kwa kuwa hakikupewa, kilibaki kwenye kodi ya kwanza ambayo mpiga kinanda alikuwa amekianzishia kwa mkono wake wa kulia, na wimbo mzima ukapita bila kugeuka. Wachezaji nao hawakuweza kugeuka. Jozi nane zilizunguka papo hapo kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokorogwa, na hakuna hata moja iliyofika ukuta wa pili.

"Dada!" aliita mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akicheza na mkewe. "Tugeuze basi, tunapata kizunguzungu."

"Samahani, mwalimu. Mkono umebadilika. Nipeni dakika tano."

"Ahaa," alisema mwalimu, na watu wakaenda kuketi.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alikitazama kidole kinene kikibonyeza kibonye kimoja, kikiacha, kikibonyeza kingine.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, akanywa chai yake.

Mpiga kinanda alifikiri. Alikata plasta ya pili. Sasa kinanda kilikuwa na nchi tatu. Vibonye vya chini kabisa, vile vizito, alivikabidhi kwa mkono wa Nanga, apige besi mwenyewe, moja kwa moja. Vya katikati vilikuwa vya kodi, na hizo angezipiga kwa mkono wake wa kulia. Vya juu, mahali pa wimbo, vilibaki bila mwenyewe, kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha. Alivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akahesabu hadi nne.

Alisahau kitu kimoja. Kwa miaka mitano hakuwahi kuizima besi iliyo ndani ya kinanda, kwa hiyo hata siku ile hakuizima.

Wakatoka Nanga wawili. Wa kwenye spika alishuka palepale alipokuwa ameshuka miaka mitano iliyopita, akiwa amevaa shati la pasi. Wa kwenye mkono alikuwa amechagua njia nyingine, ya kupanda, na walikutana katikati kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Mkono ulisimama. Ulikaa juu ya vibonye bila kuvibonyeza, ukisikiliza, hadi kinanda kilipofika kwenye ule mkwaruzo kati ya noti ya nne na ya tano.

Mkono ukageuka, kiganja kikatazama juu.

Mpiga kinanda alikitazama kiganja kile. Alikiona kama cha mtu anayeuliza swali. Aliinyoosha shingo akatafuta kitufe cha kuzima besi ya ndani, akakipata chini ya vumbi, akakibonyeza. Kisha akaanza tena.

Safari hii mkono ulipiga. Haukupiga kwa haraka wala kwa madoido. Ulibonyeza kila kibonye kwa mtetemo mdogo, kana kwamba chini ya plastiki kulikuwa na waya, na wachezaji walihisi magoti yao yakirudiwa na uzito waliokuwa nao zamani. Mwalimu wa hesabu alivuka ukumbi na mkewe hadi ukuta wa pili, wakaugusa, wakarudi. Mpiga kinanda aliimba ubeti wa kwanza, na kwa kuwa hakuwa mwimbaji sauti yake iliishia njiani. Fundi cherehani akaipokea. Halafu wakaipokea wote. Aliyesahau maneno aliimba jina la mtu aliyekuwa akicheza naye zamani, na majina yalikaa vizuri ndani ya wimbo, hata marefu.

Dansi lilipokwisha Meneja alipanda jukwaani.

"Leo ilikuwa safi," alisema. "Safi sana. Imenipa wazo."

"Na mimi nina ombi, Meneja. Kaka amerudi. Naomba arudishiwe kiti chake."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alilipima jambo lile kwa haki.

"Kiti ni cha makalio," alisema. "Huyu amekuja mkono tu."

Mkono ulijipangusa kwenye gauni.

"Wazo langu," aliendelea Meneja, "ni tuzirekodi nyimbo zote, mwanzo hadi mwisho, kwenye flashi. Kwa dharura tu. Siku ukiumwa."

Mpiga kinanda aliyajua maneno yale. Yalikuwa yaleyale, hata pumzi ya katikati ilikuwa palepale.

"Lini?"

"Ijumaa. Njoo asubuhi, utakunywa soda."

Alitembea nyumbani akiwa ameuweka mkono wa kaka yake ndani ya mfuko. Aliona kwamba kulikuwa na mambo mawili mbele yake. La kwanza ni kwamba akirekodi, Jumatatu kiti cha sita kitakwenda stoo, na jukwaa lile, ambalo kaka yake alisimama hadi zulia likaisha, halitakuwa na mtu hata mmoja. La pili lilikuwa dogo kuliko hilo na lilimuuma zaidi. Safari ile alijua akanyamaza. Hakuweza kuketi kwenye kinanda Ijumaa na kubonyeza kitufe kilekile chekundu, na mkono uleule ukiwa umeshikamana na mwili wake, akanyamaza tena.

Alhamisi mchana mama alikuwa mezani na ungo wa mchele. Tangu mkono urudi, alikuwa ameomba auazime saa za mchana, na mpiga kinanda aliketi pembeni yake akiuacha ufanye kazi. Nanga alikuwa hodari wa kuchambua tangu utoto. Mawe madogo aliyahisi kwa ncha ngumu za vidole kabla jicho halijayaona.

"Kaka," alisema mpiga kinanda. "Siku ile ya kurekodi, nilijua. Meneja hakuniambia, lakini nilijua. Nikakuambia ni ya kumbukumbu. Uliponiuliza imeingia, nikasema imeingia, na kila niliposema hivyo nilikuwa nakutoa wewe."

Mkono ulisimama juu ya mchele.

Mama hakuinua kichwa. Alitoa punje nyeusi, akaiweka kando, akatoa nyingine.

"Alijua," alisema mama.

"Nani?"

"Yeye. Unadhani lile shati nilimpigia pasi la nini? Aliniambia, 'Mama, leo nakwenda kuaga.' Nikamwambia, usiende, mwanangu, wakatae. Akasema viti vimebaki viwili, na kimoja lazima kibaki nyumbani kwetu." Alipepeta ungo kidogo. "Akasema nisikuambie, utashindwa kupiga vizuri."

Kwenye ukuta, gitaa la besi lilining'inia kwenye msumari wake. Mpiga kinanda alikumbuka kiganja kilichogeuka juu siku ya Jumamosi, na aliona kwamba kilikuwa kimekaa kama cha mtu anayempa mwenzake kitu. Alilia, kwa mkono wa kulia akifuta jicho la kulia. La kushoto lilifutwa na Nanga, kwa vidole vigumu vyenye unga wa mchele, na likawasha hadi jioni.

Ijumaa saa nne asubuhi aliketi kwenye kinanda, akabandika plasta zake mbili, akauambia mkono waziwazi:

"Tukirekodi leo, mimi ndiye wa mwisho kwenda stoo. Ukitaka tukatae, kunja ngumi, nami nitafunga kinanda sasa hivi twende nyumbani."

Alisubiri. Mkono haukukunja ngumi. Ulikwenda taratibu hadi kwenye vibonye vya chini, ukajipanga, ukasubiri kuhesabiwa. Nanga hakuwahi kuacha onyesho.

Walipiga nyimbo thelathini na mbili. Walipiga zile za zamani ambazo wanamuziki sita walikuwa wakifungia dansi, na zile ambazo mpiga ngoma alikuwa akiziharakisha kwa makusudi ili awahi basi. Kwenye moja ya hizo mkono wenyewe uliharakisha kidogo, na mpiga kinanda akacheka peke yake jukwaani. Katika wimbo wa mwisho besi ilishuka mahali ambapo haikuwahi kushuka, ikakaa chini kule kwa muda, na vioo vya madirisha vikatetemeka kwa upole kama watu wanaotikisa vichwa.

"Imeingia?" aliuliza mpiga kinanda, kama Nanga alivyokuwa akiuliza.

Alirudisha nyuma akasikiliza. Ngoma zilikuwapo, magitaa yalikuwapo, kodi zilikuwapo, sauti yake yenye kukatika ilikuwapo. Mahali pa besi palikuwa kimya. Alichunguza waya, akachunguza vitufe, akasikiliza wimbo wa pili na wa kumi na wa thelathini. Kinanda kilikuwa kimepokea kila kitu isipokuwa kile kilichopigwa na mkono wa Nanga. Kwamba mkono ule ulikuwa umepiga, hakuwa na shaka, uchovu wake aliuhisi hadi kwenye kiwiko.

Alibeba flashi hadi ofisini. Meneja aliichomeka kwenye redio yake ya mezani, yenye spika ya ukubwa wa kisanduku cha sabuni, akafumba macho.

"Besi haikuingia, Meneja," alisema mpiga kinanda, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba safari hii atasema kila kitu. "Nyimbo zote. Hakuna besi."

"Mimi nasikia vizuri tu."

"Kwenye spika hiyo besi haisikiki hata siku nyingine."

Meneja alifumbua macho, akafurahi.

"Basi unaona? Haijawahi kuhitajika."

Alimpa soda. Alimpa mkono wa kulia, akamshukuru kwa miaka yote ya kazi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na kwa kuwa safari ile ya kwanza alisahau kumpa Nanga mkono, alinyoosha mkono na kwa upande wa kushoto. Mkono wa Nanga ulikuwa umelelewa vizuri. Uliupokea.

Kabla ya kuchomoa waya mpiga kinanda alitafuta faili la MPYA 07. Alifuta jina lile, akaandika lingine kwa kidole cha mkono wa kulia, herufi moja baada ya nyingine: NANGA. Halafu alizima. Jumatatu Meneja alikibeba kiti cha sita hadi stoo na kinanda akakiegemeza kando yake. Viti vyote sita vilikuwa pamoja tena, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule paa lilipoanza kuvuja.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, wachezaji walifika ukumbini wakakuta jukwaa tupu na flashi ikiimba. Walisimama kucheza. Wimbo ulipoanza, nyayo zao ziliacha sakafu. Haikuwa juu sana, upana wa kidole hivi, lakini hakuna aliyekuwa akigusa chini. Jozi nane zilielea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine bila sauti ya visigino. Fundi cherehani, ambaye hakuwa na mtu wa kumshika, alichukuliwa na upepo wa feni hadi karibu na dirisha, na mke wa mwalimu akamvuta kwa mkanda wa gauni. Meneja aliangalia chini, akaona nta aliyoipaka asubuhi haina hata mkwaruzo. Alipiga hesabu kwamba kopo moja sasa litatosha miezi minne.

Saa ileile, mitaa mitatu kutoka pale, mpiga kinanda alipanda juu ya kigoda akalishusha gitaa la besi kutoka kwenye msumari. Alifuta vumbi. Waya mnene ulikuwa umeshika kutu, akaweka mpya. Aliketi kwenye kiti cha mezani, akaliweka pajani.

Kwa mkono wa kushoto Nanga alishika shingo ya gitaa, akazibana nyuzi mahali pake. Kwa mkono wa kulia dada yake alizipiga. Hakuwa amewahi kupiga nyuzi, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa laini, ikatoka malengelenge Jumamosi ya kwanza, na ya pili yakapasuka, na ya tatu yakaanza kuwa magumu. Mama aliketi mbele yao na ungo wake. Alivua ndala, akaweka nyayo zake wazi sakafuni, akasikiliza kwa hizo.

"Hapo, baba," alisema. "Hapo hapo."

Jumamosi ile ya kwanza dansi lilikwisha saa kumi na moja. Wachezaji walitoka ukumbini wakiwa bado hewani, upana ule ule wa kidole, wakajishikilia kwenye kuta na mageti ili wasipeperuke. Njia yao ilipita chini ya dirisha la sebule. Walipofika pale, besi ilipenya ukutani, na walishuka mmoja mmoja. Visigino viligonga lami. Mwalimu alitua, akamsaidia mkewe kutua. Fundi cherehani alitua wa mwisho, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akakanyaga kwa wa kulia, kuhakikisha. Mikono yake ilikuwa imeshika mabega yale yale yasiyokuwapo. Alikaa hapo hadi wimbo ulipofika mwisho wake.

"Shikamoo, mama!" aliita kuelekea dirishani. "Na wewe, Nanga, jioni njema."

Kisha walikwenda makwao wakitembea. Jumamosi iliyofuata walirudi ukumbini, kwa kuwa ndiko dansi lilikokuwa siku zote, na Meneja aliwafungulia mlango, akakata tiketi zao, akawakumbusha wajishikilie vizuri.